Nilivyochagua kitabu cha chess Moroni, mamluki akakichukua bandarini Mutsamudu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona kijana humu anauliza asome kitabu gani cha kufungulia mchezo akiwa na nyeupe. Nikaona niache kazi niandike. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nilikulia Unguja, mama yangu Mngazidja. Ujana nikaumalizia Moroni, kisiwani Ngazidja, Komoro, nikiishi mtaa wa Magudju na kufanya kazi posta. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale Wazungu wenye bunduki walioingia 1978 wakabaki. Ukikutana nao barabarani unashusha sauti, unapita zako.

Raha yetu ilikuwa chess. Kila mwaka watu wa Moroni tulivuka kwenda Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, kucheza na wenzetu. Na kila mwaka nilipigwa na mtu yule yule: Saandi, karani wa forodha, mcheshi, sauti kama honi ya meli.

Shida yangu ilijulikana. Nikiwa na nyeupe nilianza na askari wa mfalme, siku zote. Saandi alishakariri dawa yake.

Nikaenda duka la vitabu. Vya chess vilikuwepo viwili tu, vyote Kifaransa. Kimoja kinene kama tofali. Kingine chembamba. Na Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia mkate!

Mwenye duka alikuwa muungwana, akaniambia nenda navyo, nirudishie usichokitaka.

Nikavipeleka kwa jirani yangu Bweni Zaitune, mwalimu wa Kifaransa (bweni kule ndiyo "Bi" yetu). Tukakaa barazani kwao baada ya alasiri. Mama yake alikuwa anachagua mchele pembeni, masikio yote kwetu.

Zaitune akaanza na kile kinene. "Mweusi akifanya hivi, wewe fanya hivi. Akifanya vile, wewe vile." Akapindua kurasa, hali ni ile ile. "Bwana, hiki kinakwambia ufanye nini, hakikwambii kwa nini. Mimi hata sichezi, na nimechoka."

Akafungua chembamba.

"Mtoe farasi kwanza. Mfungulie njia mwendawazimu, mkalishe pembeni. Mfiche mfalme. Halafu mtazame mwenzio amekaaje, ndipo uamue."

"Mwendawazimu gani tena?"

Kumbe kete ambayo Waingereza wanaiita askofu, kwa Wafaransa ni mwendawazimu! Mama mtu alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikachagua chembamba. Jioni nyingi zikapita hivyo, yeye anasoma, mimi nasogeza kete, tunabishana sababu ya kila hatua. Mara nyingine alikuwa sahihi, na hilo lilinipendeza kuliko nilivyotegemea.

Siku ya safari ikafika. Pale bandarini Mutsamudu alisimama mamluki mmoja anapekua mizigo. Akakikuta kitabu. Akafungua, akakodolea macho zile herufi na namba.

Nikasema leo nitaambiwa hizi ni siri za kijeshi.

"Unacheza?" akauliza kwa Kifaransa.

Nikaitikia kwa kichwa. Akatabasamu, akakibana kitabu kwapani, akaniashiria nipite.

Kimekwenda hicho. Ungemdai wewe?

Tulicheza kwenye varanda ya duka la vitambaa, watu wamejaa. Nikaanza na farasi. Saandi akapaza sauti, "Mngazidja kaogopa!" Watu wakacheka. Akajaza askari katikati ya ubao kama mwenye mali.

Hatua alizofanya sikuwahi kuziona kitabuni. Lakini sababu nilizijua. Nikamficha mfalme, nikatazama amekaaje, nikawasukuma askari wangu kuwavunja wa kwake. Njia ikafunguka, mwendawazimu akapita ubao mzima na kuikaba ngome yake ya pembeni. Haikuwa na pa kukimbilia.

Saandi akainamia ubao, akatafuta njia. Kisha akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa, akanikumbatia.

"Nani kakufundisha ushetani huu?"

"Mwalimu wa Kifaransa."

"Anacheza sana?"

"Hachezi kabisa."

Alicheka huyo! Akanishika mkono mpaka kwake, tukala wali na samaki.

Niliporudi Moroni nikamsimulia Zaitune yote. Akafurahi, kisha akauliza, "Sasa kitabu hakipo, nitakusomea nini?"

Nikamuuliza baba yake anapatikana saa ngapi.

Harusi ilifanyika kwao, nikahamia kwake. Ngazidja nyumba ni ya mke. Tumezeeka humo.

Kwa hiyo kijana, nilichojifunza ni hiki: chukua kitabu kinachokueleza kwa nini, na ufunguzi unaokuruhusu kumtazama mpinzani kabla ya kujifunga. Ukubwa wa kitabu usikutishe wala usikuvutie.

Wakuu, nyie mnafungua na nini? Na kama yupo humu aliyewahi kumfunga Mndzuani nyumbani kwake, ajitokeze tumpe heshima yake.