Chombo Kisicho na Miguu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nashika kiuno na kucheka peke yangu. Ni asubuhi niliyobeba televisheni kichwani nikateremka nayo mtoni, na watu wa kijiji chetu cha Kianjokoma wakinifuata nyuma kuja kumwona msichana aliyerukwa na akili. Keti nikueleze. Na usinikatize, maana nikikasirika katikati ya hadithi huwa siimalizi.

Siku hizo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio na televisheni kwenye kibanda karibu na soko. Wateja wageni walikuwa wakifika wananiuliza fundi yuko wapi. Nami nawaambia ametoka, ngojeni kidogo, kisha naichukua redio yao naifungua mbele ya macho yao.

Baba yangu, Njue, alikuwa mlinzi wa mashine ya maji ya kijiji. Ilikuwa injini ya dizeli iliyokaa kando ya mto ikisukuma maji hadi kwenye tangi lililokuwa juu kilimani, na kutoka hapo kila boma lilikuwa na mfereji wake. Kila jioni Baba aliizungushia injini mnyororo, akaufunga kwa kufuli kwenye nguzo ya chuma, akarudi nyumbani na ufunguo shingoni. Basi mwaka huo mvua ya Aprili ikanyesha bila huruma. Mto ulifurika, na kulipopambazuka mashine haikuwepo, nguzo haikuwepo, hata ukingo wenyewe ulikuwa umeliwa na maji. Baba akasema imesombwa ikaangukia kwenye kilindi, lile shimo la maji lililo chini ya maporomoko, hapo hapo karibu.

Watu walitupa ndoano za kamba wakavuta matawi tu. Kuingia hakukuwezekana. Sisi wa milimani hatujui kuogelea, maji yale yana baridi ya Mlima Kenya, na isitoshe kilindi kile kilikuwa cha wazee. Tangu zamani walitolea sadaka pale, na mwiko ulikuwa mmoja: mtu asitie mguu ndani. Ndoano zilipotoka tupu, maneno yakaanza. Eti Njue ameiuza. Eti imepelekwa Mbeere kwa lori. Mara akapatikana hadi mtu aliyeliona hilo lori.

Kwetu jambo kama hilo lilikuwa na dawa yake. Mshukiwa aliletewa beberu, akamvunja mifupa kwa jiwe mbele ya watu huku akiapa kwamba hana hatia, na kwamba akidanganya basi naye avunjike vivyo hivyo pamoja na watoto wake. Ukishaapa umesafika, watu wanakusalimu tena. Lakini Baba alikuwa ameokoka. Aliwaambia wazee kwamba yeye haapi kwa mbuzi wala kwa kitu kingine chochote, maji ndiyo yaliyoichukua mashine, na neno lake ni hilo. Wao wakaelewa jambo moja tu, kwamba anaogopa kiapo.

Mzee Ireri, mwenyekiti wa wazee, akatoa uamuzi. Njue apewe muda hadi mahindi yavunwe. Asipoapa, boma lake litengwe: mtu asinywe chai kwake, asimsaidie kuchuma majani ya chai, asije hata kumzika. Watu hawakungoja mahindi. Nilienda nyumbani Jumapili moja nikamkuta Mama amepika chai birika zima, ya wageni wa baada ya kanisa kama ilivyokuwa desturi yake, na hakuna aliyekuja. Alikuwa akiimwaga kwenye shina la mgomba. Mwanangu, niliumia.

Wiki hiyo hiyo niliitwa kufunga kamera ya ulinzi katika duka moja mjini, kakitu kadogo kama kiberiti. Nikiwa nimesimama stoo naijaribu, nikaona kwenye televisheni muuzaji akipanga sabuni kule mbele. Nikajiambia, kumbe jicho hili linaweza kwenda popote waya unapofika. Na mimi nilijua mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kwenda.

Nikaanza kukusanya vitu. Mabomba ya plastiki niliyakata nikayaunga yakawa fremu, ukubwa wa kreti ya soda. Mota ndogo nilizing'oa kwenye magari makuukuu, na kila mota nikaitia ndani ya kikopo cha filamu, vile vyeusi vya wapiga picha, kisha nikaijazia nta ya nyuki kutoka Mbeere ili maji yasipite. Grisi nilikuwa nimeijaribu kwanza ikanitoroka. Pangaboi za kusukumia maji nilizikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Kamera ikaingia kwenye chupa ya jamu pamoja na balbu za tochi. Waya mrefu wa simu niliufungia vipande vya ndara zilizochakaa ili uelee usinase chini. Huku juu ningebaki na betri ya gari, swichi za kuziamuru mota, na televisheni ndogo isiyo na rangi.

Nilikijaribu chombo kwenye tangi la mwenye nyumba. Maji yakaingia kwenye chupa, picha ikafa. Nikakausha, nikaziba kwa mpira wa tyubu, nikarudia, ikafa tena, mpaka siku moja ikakaa. Wapangaji wenzangu wakanibatiza jina, yule anayevua samaki kwa televisheni. Nikawaambia nikimpata huyo samaki watamla bila chumvi.

Lakini hao walikuwa wa kucheka tu. Aliyenipinga kwa uzito alikuwa Baba mwenyewe. Alipanda gari akaja mjini, akaketi chumbani kwangu, akakitazama chombo, kisha akasema kwa upole:

"Wambeti, mimi nimesema mashine iko majini. Ukienda kutafuta ushahidi, unawaambia kwamba neno langu halitoshi."

Yalinichoma, kwa sababu hayakuwa maneno ya mtu aliyekurupuka. Nilimjibu kwa heshima, ila sikuinamisha kichwa. Nilimwambia neno lake linanitosha mimi, lakini chai ya Mama inamwagwa kila Jumapili. Alimaliza uji wake akaondoka. Sikumwomba radhi siku ile, na hata leo nikienda kung'oa magugu kaburini kwake simwombi.

Basi asubuhi yenyewe ikafika. Mzee Ireri alikuwa ametutangulia ukingoni na wazee wenzake, na fimbo yake ilikuwa imelazwa kukata njia. Kwetu fimbo ya mzee ikilala njiani, huiruki.

"Msichana," akaniambia, "hapa hakuna mtu anayetia mguu."

"Mimi sitii, Mzee. Na chombo hiki hakina miguu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikizunguka chombo akikitazama chini. Nitampa haki yake: alikuwa mkali, lakini mwiko kwake ulikuwa mwiko, hauongezwi neno kwa sababu mtu amekuudhi. Akainama, akaiokota fimbo.

Nikakiteremsha. Kwenye televisheni hapakuwa na kitu ila matope yanayoelea, kama ukungu wa Julai. Nikaona majani, nikaona gogo. Nikiwa bado nalizunguka gogo, mota moja ikafa, chombo kikaanza kwenda upande. Nyuma yangu watu wakaguna, na mtu fulani akasema twendeni tukapalilie. Nikawa nasukuma kidogo, naacha kizunguke, nasukuma tena. Ndipo pete moja ya chuma ikapita kwenye kioo cha televisheni, halafu ya pili. Nikaufuata mnyororo pete kwa pete mpaka kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye injini iliyolala ubavu.

Hapo watu wakasongamana nyuma yangu. Mama alisogea karibu na kioo, akaweka kidole.

"Kufuli limefungwa," akasema.

Akarudi mahali pake. Kila mtu pale alijua kwamba anayeuza mashine haiuzi ikiwa imefungwa kwenye nguzo. Vijana wakaleta kamba na ndoano, mimi nikitazama na kuwaelekeza kushoto, kulia, chini, mpaka ndoano ikashika mnyororo. Wakavuta wakiimba. Muda huo wote Baba alikuwa amesimama kando, mgongo wake ukielekea televisheni, akitazama mlima. Nilimwuliza mbona haangalii. Akaniambia yeye alijua iko wapi tangu mwanzo.

Sasa sikia ujeuri wa watu. Injini haijakauka matope, Mzee Ireri anasimama na kusema kwamba kwa kuwa mambo yamekuwa mema, Njue aletewe tu beberu aape, ili shauri lifungwe kwa utaratibu. Nilitaka kurusha televisheni mtoni. Baba akanishika mkono.

"Sikuapa mliponiona mwizi," akawaambia wazee. "Sitaapa leo mnaponiona mwema."

Akaivua kamba shingoni, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mzee Ireri. Mzee akachutama mbele ya watu wote, akalifuta kufuli matope kwa koti lake, akauzungusha ufunguo kwa shida mpaka kufuli likafunguka. Beberu hakutajwa tena. Jumapili iliyofuata mzee yule alikuwa wa kwanza kupiga hodi kwetu. Alikunywa chai, akasogeza kikombe aongezewe, na Mama akamimina mpaka birika likaisha.

Mimi na Baba tulibishana juu ya jambo hili hadi siku zake za mwisho. Alisema ningengoja, ukweli ungejitokeza. Nilimwambia ukweli ulikuwa umelala chini ya maji, umefungwa mnyororo. Lakini jambo moja tulikubaliana, nalo ndilo ninalokuachia, mwanangu. Anayekushuku asikuchagulie pia namna ya kujitetea. Beberu wake ni wake. Kama nguvu yako ni kusimama kwenye neno lako, simama kama alivyosimama Baba, hata wakikutenga. Kama nguvu yako iko mikononi, tengeneza, na maji yakiingia kausha uzibe upya, na wanaocheka waache wacheke. Na mzee akilaza fimbo njiani usiiruke. Mpe sababu ya kuiokota mwenyewe.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu aitie nguvu mikono yako, alipe neno lako uzito kabla hujatafuta shahidi, na chai ya nyumbani kwako isikose wa kuinywa.