Mgongo wa Afande

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha wanafunzi wa tiba ya viungo katika hospitali moja ya Jinja. Nilitoka Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Busia, na kazi yangu ilikuwa kuwasimamia wanafunzi wakiwa na wagonjwa halisi: magoti, mabega, shingo, na migongo ya vibarua wa viwandani kutoka mtaa wa Walukuba. Nilijiamini mno. Kila mgonjwa nilimwona kama somo, na somo nilishalijua.

Jumatatu moja akaja askari wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu, wa miaka arobaini hivi. Wanafunzi wengi walimkwepa kwa sababu ya Kiswahili chake; walikulia katika nyumba ambamo hiyo ilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Mimi nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye.

"Musawo," aliniambia, maana huko ndivyo wanavyomwita mganga wa hospitali, "hii mgongo yangu inanisumbua miezi tatu."

Nikampa mwanafunzi mmoja amhoji, msichana wa Mbale, mpole, mwenye sauti ndogo. Walikaa nyuma ya pazia karibu nusu saa. Nikalifungua.

"Bado unaandika? Nataka vipimo, sitaki hadithi ya maisha yake."

Wenzake wakacheka. Akafunga daftari.

Nikaanza kuonyesha mwenyewe. Nikamwinamisha afande, nikamnyoosha, nikapitisha vidole kwenye uti wa mgongo huku nikieleza. Katikati kulikuwa na kinundu kidogo.

"Madam, hapo pameinuka," msichana akasema.

"Ni mkao tu. Amesimama lindo miaka mingi."

Nikamfundisha afande zoezi: alale kifudifudi, ajiinue kwa mikono, mgongo upinde kabisa, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Akashukuru. Akasema wiki hiyo anahamishiwa Mbale, na huko kuna mkandaji hodari anayepanda juu ya mgongo wa mtu na kuukanyaga kwa miguu mpaka ulie. Nilicheka. Sikumkataza.

Ijumaa mchana nilikaa kusahihisha madaftari. La yule msichana nililifikia la mwisho. Chini ya vipimo, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa. Kwamba ametoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wa suruali. Kwamba tangu wiki iliyopita miguu inamlemea akitembea.

Nikarudia kusoma. Pamoja na kile kinundu, maneno hayo yalisema jambo moja: huenda ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Mifupa ikishaliwa, zoezi kama nililompa linaweza kuiangusha ikabana neva za miguu. Sembuse mtu mzima kuikanyaga.

Nikamwita msichana ofisini. "Mbona hukuniambia?" Swali lilitoka kabla sijalifikiria.

Akatazama sakafu. "Nilianza kusema, Madam."

"Ni kweli. Ulianza. Nisamehe."

Sidhani alikuwa ameshawahi kuombwa radhi na mwalimu. Alinitazama kama aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi. Nikajaribu kupiga simu gereza la Mbale kutoka hospitalini, laini haikushika. Basi nikamwuliza kama yuko tayari kunisindikiza, kwa kuwa mji ule ni wake. Jumamosi asubuhi tukaondoka, tukipitia Tororo. Njia nzima nilikuwa nikihesabu: asubuhi na jioni, siku tano, mara kumi kumi.

Mlinzi wa lango la gereza alituonyesha nyumba za askari. Tulimkuta afande ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, amevaa fulana, mke wake akichambua maharagwe pembeni. Aliponiona alitaka kusimama.

"Kaa, afande, tafadhali kaa. Lile zoezi, umelifanya?"

Akamtazama mke wake, kisha chini, kama mtoto aliyekutwa hajafanya kazi ya shule.

"Musawo, usikasirike. Mimi sijafanya hata siku moja. Nilijaribu kulala hivyo, ikauma sana, nikaacha."

"Na mkandaji?"

"Ameniambia nikuje Jumatatu."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilicheka, na machozi yakanitoka. Mke wake akaja haraka akaniuliza nani amekufa.

"Hakuna, mama," msichana akamjibu kwa niaba yangu. "Amefurahi kwa sababu mzee hakumsikiliza."

Kisha akapiga magoti mbele ya afande, akajaribu nguvu za miguu yake, moja baada ya nyingine, akapitisha kidole kwenye nyayo, akauliza maswali yake yote mpaka mwisho. Sikumkatiza. Miguu ilikuwa dhaifu kidogo, lakini ilisukuma. Tukampeleka hospitali ya mjini siku hiyo hiyo, akalazwa chali, na picha ilipopigwa ilionyesha mifupa miwili imeliwa upande wa mbele. Daktari alisema tumewahi. Tulirudi Jinja Jumapili. Msichana alilala safari nzima, nami nilikula ndizi za kuchoma na kuona utamu wake, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu nililisoma daftari lake mbele ya darasa, neno kwa neno, nikawaambia nilichofanya mimi. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo mgonjwa alimaliza kuzungumza kabla mkono wangu haujamgusa, na mwanafunzi pia.

Afande alimeza dawa zaidi ya mwaka, miezi ya kwanza akiwa amefungwa plasta ngumu kuzunguka kifua na mgongo, kama ngao. Alipopona alipita Jinja akielekea kwao likizo, akaja kutusalimu. Nikamwomba awaruhusu wanafunzi wapya waguse kile kinundu. Akavua shati, akalala kifudifudi kitandani, na vidole vilipozidi kuwa vingi akapaza sauti:

"Pole pole, nyinyi! Hii ni mgongo ya serikali!"