Pengo kwenye Ua wa Minyaa

Baba mdogo aliponiomba nikate ua wa minyaa ili ng'ombe wake wapite bustanini kwetu kwenda lamboni, nilipaswa kukataa. Nilikubali.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya hamsini, upande wa Kishapu. Nilikuwa likizo kutoka Geita, nilikokuwa karani mgodini. Mke wangu alikuwa hataki kunifuata huko. Alisema wake za watu wa mgodi hukaa vyumbani kumngoja mume alete kila kitu, hata nyanya ya mchuzi, na yeye hakuzoea kuomba. Mwishowe tukapatana: angeotesha miche ya nyanya, ikifikia urefu wa kiganja tungeibeba na udongo wake ndani ya makopo, twende nayo Geita sote, pamoja na binti yetu aliyekuwa bado wa mgongoni.

Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya ua na lambo. Mbegu alizikamua mwenyewe kutoka nyanya zilizoiva sana, akazikausha kwa majivu. Samadi aliitoa kwenye zizi la zamani, maana mbichi huunguza mizizi. Juu aliweka kichanja kifupi cha nyasi, na kila miche ilipopata nguvu alipunguza nyasi kidogo ili izoee jua. Asubuhi aliinama na kopo lake lililotobolewa kwa misumari, akaiambia, "Amka, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kama alivyomwamsha binti yetu. Nilimcheka.

"Cheka tu," alisema. "Geita utazila umenyamaza."

Miche ilikuwa karibu kufaa kuhamishwa alipoitwa kwao. Mama yake aliugua. Alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia mlangoni, "Maji asubuhi na jioni. Na ua usiguswe, baba. Ng'ombe wa watu wana kiu."

Kesho yake baba mdogo akaja na vijana wake. Simlaumu sana. Maji ya lambo yalikuwa yamepungua kwa kiangazi, upande wa njia ya kawaida umebaki tope tupu, ndama wake amenasa humo akafa, na waliobaki walikuwa mbavu tupu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, nipitishe hapa. Pembeni tu, vijana watawashika."

"Pana miche ya mke wangu hapa. Ngoja arudi nimuulize."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Kumbe shuleni mlifundishwa kuomba ruhusa jikoni! Ng'ombe waliokuolea huyo mke walitoka zizini kwangu. Mbona wao hawakumuuliza mtu?"

Vijana nao wakacheka. Nikachukua panga.

Nilichunga ng'ombe utoto wangu wote. Nilijua kwamba ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji hashikiki, hata mchungaji awe nani. Nilijua hayo huku utomvu mweupe wa minyaa ukinidondokea miguuni. Walipoingia penye pengo waliinua vichwa, kisha wakakimbia wote kwa pamoja, juu ya kichanja, juu ya kila kitu. Vijana walipiga kelele bure. Baba mdogo alivua kofia akasimama akitazama chini. "Sikutaka iwe hivi, mwanangu," alisema, na najua hakutaka.

Miche michache niliisimamisha kwa vijiti, nikaimwagilia mchana wa jua kali. Jioni ilikuwa imelala.

Mke wangu aliporudi hakupiga kelele. Alichuchumaa, akatoa mche mmoja kwenye alama ya kwato, akautazama mizizi.

"Ulijua watakimbia?"

"Nilijua."

"Si ungesema mimi ndiye niliyekataa? Ningegombana naye mwenyewe." Akaurudisha mche chini taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Tangulia Geita. Hapa umeshindwa na baba mdogo mmoja tu. Huko kila mtu ni mkubwa wako."

Nilidhani ni hasira, zitapoa. Nikatangulia. Nilipomtumia watu wakamchukue, walimkuta ameshahamia kwa kaka yake, na waliniambia amefungua bustani pale, nyanya zimezaa mpaka matawi yamewekewa miti. Kwangu hakuja.

Nyanya nimenunua sokoni mpaka nilipostaafu. Kwa kuogopa kuchekwa na baba mdogo nilimkosa mke wangu, na binti yangu alikua akimwita mjomba wake baba.