Kaka yangu aliniambia nilete karatasi ya mahakama, nikaileta

Admin, jina langu lifiche, na majina haya yote nimeyabadilisha. Ninyi mnaosoma, nivumilieni, nina hasira na nina kinyaa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, fundi cherehani hapa Tarime mjini, Bomani. Kwetu ni Ringwani. Baba alishafariki. Tumebaki na mama, kaka yetu Chacha, mimi, na mdogo wetu wa mwisho, Nyangi, ambaye anaolewa mwezi huu.

Mchumba wa Nyangi ana mashimo ya dhahabu huku Tarime, machimboni wanamwita Kifusi. Tangu bei ya dhahabu ishike moto, mwenye shimo akija kuposa hakuna anayeuliza maswali. Ng'ombe walikuja wengi, wanene, mama akapiga vigelegele. Na kwetu mnajua ilivyo, ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka mke. Hawakukaa hata zizini. Chacha aliwaswaga moja kwa moja ukweni kwake akamleta Bhoke, na sasa Bhoke ni mjamzito.

Gauni la harusi nashona mwenyewe. Siku moja mteja wangu mmoja, mama lishe wa machimboni, akalisifia, akauliza bwana harusi nani. Nilipomtajia akaliachia gauni. Kisha akasema, "Kifusi? Si ndiye aliyemkata mke wake wa kwanza panga mkononi? Kesi ilifika mpaka mahakamani."

Nilipanda gari siku ileile kwenda nyumbani. Mama akasema ni maneno ya watu wenye wivu. Chacha alikuwa anakula, hata hakuinua uso. "We dada unapenda umbea. Kama kuna kesi, leta karatasi ya mahakama hapa. Bila karatasi funga mdomo."

Basi nikaitafuta. Kwa ujinga wangu nilianzia mahakamani Mugumu, kwa kuwa Kifusi ni mtu wa Serengeti. Wakaniambia kesi inasikilizwa kule kosa lilikotendeka, rudi Tarime. Kumbe ilikuwa imelala hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu! Pale masjala nikataja jina la yule mwanamke aliyekatwa. Karani akasema, "Mama, jinai inaandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Nipe jina la mshtakiwa, na mwaka." Nikamwambia Kifusi. Akacheka mpaka nikaona aibu. "Majina ya shimoni hatuandiki hapa. Nataka majina yake kamili."

Sikuyajua. Na ningeuliza nyumbani wangeshtuka. Nikayapata kanisani, kwenye tangazo la ndoa lililobandikwa mlangoni, majina yote matatu. Nikarudi nayo, pamoja na mwaka niliouliza kwa yule mama lishe, karani akapekua akaipata namba ya kesi. Akanielekeza niandike barua kwa hakimu, nitaje hiyo namba na nieleze mimi ni nani na naitaka nakala ya nini. Niliandika ukweli, kwamba mdogo wangu anaolewa na mtu huyu. Hakimu akakubali, nikalipia benki, nikapeleka risiti, nikapewa nakala yenye muhuri.

Niliisomea pale nje kwenye benchi. Panga ni kweli. Mkono ni kweli, mishipa ilikatika na vidole havikunji tena. Lakini mwisho wake mshtakiwa ameachiwa huru, kwa sababu neno la mke peke yake halikutosha, na shahidi aliyeona kwa macho, aliyemnyang'anya lile panga na kuandikisha maelezo polisi, aliitwa na kuitwa na hakutokea. Na jina la shahidi huyo ni la kaka yangu Chacha, likifuatiwa na la baba yetu mzazi, mkazi wa Ringwani. Nikaikunja karatasi, nikapanda gari kwenda nyumbani.

Nilipompelekea, hata hakushtuka. "Si ulitaka karatasi? Soma mwisho. Ameachiwa huru. Mahakama imesema, wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Chacha, ameachiwa kwa sababu wewe hukwenda."

"Ningeendaje, yule alikuwa bosi wangu machimboni. Na wazee walishakaa, kwa wazazi wa yule mke wakapelekwa ng'ombe, yakaisha. Wewe unafukua ya nini?"

Jamani! Alijua karatasi inasemaje, ndiyo maana alinituma kwa kiburi kile. Yeye ndiye aliyeliona panga, akanyamaza, kisha akampokea mwenye panga kama shemeji na kuoa kwa ng'ombe wake. Nilimgeukia mama. Mama akaangalia chini, akauliza kitu kimoja tu: "Ng'ombe wa kurudisha tutawatoa wapi?" Hapo nikajua naye alijua. Kuzaliwa tumbo moja na mtu kama huyu kunanitia kinyaa, na nyumba ile siwezi tena kula chakula chake.

Lakini wakati tunabishana, Bhoke alikuwa ametuletea chai. Hajui lolote. Alipiga magoti na tumbo lake akanisalimia, "Shikamoo wifi." Nikivunja harusi hii ng'ombe wanadaiwa, na kwao Bhoke watakuja kumchukua. Mama ameapa nikimwambia Nyangi nisimwite mama tena. Na Nyangi mwenyewe anampenda Kifusi mpaka kufa, atasema kama kaka alivyosema, mahakama ilimwachia.

Jana alikuja kujaribu gauni, anacheka peke yake mbele ya kioo. Nilimshonea mikono mirefu. Akaniambia, "Dada, fupisha hii mikono, nataka bangili alizoninunulia zionekane." Karatasi ilikuwa chini ya vitambaa, palepale alipoweka mkoba wake. Nikamwambia nitafupisha.

Mkasi nimeushika tangu asubuhi na mikono ya gauni sijaikata. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?