Tulifundishana Ndani ya Seng'enge

Kituo cha haki za binadamu cha chuo ninakofanya kazi kilinituma nyumbani, ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nikatafiti jinsi wanawake wafinyanzi wanavyopata ardhi. Nilifika nikakuta shimo la udongo limezungushiwa seng'enge.

Shimo lile lilikuwa la kijiji tangu enzi za bibi zetu. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa vyungu vya udongo huo, akivipeleka hadi soko la Kyela. Sasa mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga nyumba za wageni, na mtendaji wa kijiji alikuwa amempa eneo lote, shimo pamoja na ukanda wa mchanga kando ya ziwa.

"Hamkuuliza?" nikamwuliza mama mkubwa.

"Tuliuliza. Tukaambiwa udongo upo kila mahali."

"Si upo?"

"Wa matofali, mwanangu. Chungu chake kinapasuka motoni."

Nilimpigia simu mkuu wa kituo. "Kusanya taarifa, urudi," alisema. "Hatukukutuma kugombana na serikali ya kijiji." Nikamkumbusha kwamba kazi yetu ni pamoja na kutoa elimu, na kwamba kesho yake nitaitoa. Akasema, "Basi fundisha sheria. Usiongeze lako."

Asubuhi mimi na wanawake wafinyanzi tulikuta ofisi ya kijiji, tulipopanga kukutana, imefungwa kwa kufuli. Mtendaji alisimama barazani.

"Mkutano hauna kibali," alisema.

"Kibali ulinipa mwenyewe juzi."

"Leo nimekifuta."

Wanawake wakanitazama. Mama mkubwa akakaza kanga kiunoni. "Mwalimu," aliniita hivyo kwa mara ya kwanza, "somo lako linahitaji mlango?"

Akaanza kutembea kuelekea shimoni, wengine wakamfuata. Mmoja aliinua waya kwa mpini wa jembe, wakapita chini yake. Nilisita. Kazi yangu ilikuwa ya mkataba, na niliogopa. Kisha nikavua viatu, nikapita.

Nilifundisha nikiwa nimesimama kwenye tope. Niliwaambia kwamba mtendaji hawezi kugawa ardhi ya kijiji peke yake. Mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie.

"Mkutano ulikaa?" nikauliza.

"Haukukaa!" waliitikia kwa sauti iliyofika barabarani.

Mtendaji akaja na mgambo. "Tokeni! Huyu binti amewajaza maneno ya mjini!"

Mama mkubwa hakuacha kuchimba. "Baba, wa mjini ni huyo uliyempa shimo letu. Itisha mkutano. Mkutano ukisema tutoke, tutatoka."

"Nitawaweka ndani!"

"Sote?" akauliza jirani yake. "Basi leta lori."

Walicheka, hata mgambo mmoja akageuka pembeni kuficha meno. Mtendaji akaondoka. Lori halikuja. Kesho yake wanawake walirudi kuchimba, na keshokutwa pia, huku wengine wakienda kumsumbua diwani mpaka mkutano ukaitishwa.

Ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mzee mmoja alisema vyungu ni mambo ya wanawake, visizuie maendeleo. Mama mkubwa akamwuliza sare za shule za watoto wake zilinunuliwa kwa fedha gani kama si za vyungu. Mzee akakaa. Mikono iliponyooshwa, shimo likarudi kijijini. Ukanda wa mchanga kando ya ziwa ulibaki kwa mfanyabiashara, kwa kuwa vijana wengi walitaka ajira aliyoahidi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Chuoni nilitakiwa kujieleza. Nilisema nilifundisha, na nikitumwa tena nitafundisha tena. Mkuu akaniambia niandike ripoti.

Siku niliyoondoka mama mkubwa alinisindikiza hadi kwenye bajaji. "Ndaga fijo," alinishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akaelekeza kidole ziwani. "Ule ukanda je? Ukirudi, tuanzie pale."