Beberu wa Bei ya Ng'ombe

Nduta wa Wamae si mwanamke wa kunong'ona. Akiita kuku wake pale Tetu, Nyeri, wa jirani nao huja. Kwaya ya kanisa humweka mstari wa nyuma kabisa ili maikrofoni ipate nafuu. Alizaliwa Kianyaga, akaolewa Tetu akiwa msichana mwembamba, akazaa mabinti wawili, Watiri na mdogo wake, akachuma majani chai ya watu mpaka vidole vikakakamaa. Mwishowe akasema basi, maisha yaliyobaki atayamalizia kwa mbuzi wa maziwa.

Alikuwa na majike wawili wa aina ya Alpine, wenye vyeti vya ukoo na kila kitu, lakini kila walipozaa, Nduta aliguna. Mabinti wao hawakuwapita mama zao kwa maziwa hata kikombe kimoja. Na wangewapitaje? Mabeberu wa kijiji walikuwa ndugu watupu, baba akipanda binti, mjomba akipanda mpwa, mpaka damu ikachoka. Kilichohitajika ni beberu mgeni, wa ukoo wa maana, na wa namna hiyo hupatikana mnadani.

Basi maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini, yenye mnada wake, yalipofika, akauza ng'ombe. Ng'ombe alikuwa wake, zawadi ya mamake, hapo hakuna ubishi. Ila aliyempenda yule ng'ombe ni Wamae, mumewe, mtu mpole anayeweza kukaa zizini saa nzima akimkuna ng'ombe masikio. Wamae alidhani wanabadilisha ng'ombe kwa ng'ombe. Maskini! Jioni pikapu iliingia uani, blanketi likaondolewa, na hapo akasimama beberu, manyoya yaking'aa, ndevu mpaka kifuani, harufu yake imeshafika jikoni.

"Ng'ombe iko wapi?" Wamae akauliza.

"Ni huyu."

"Hii ni mbuzi."

"Naona."

Shilingi laki moja na elfu sitini! Nduta alikuwa ameshindana na tajiri mmoja wa Nanyuki, huyu anainua mkono, yule anainua mkono, mpaka tajiri akakunja mikono yake na kwenda zake. Wamae alipoisikia hiyo bei ilibidi aketi juu ya ndoo.

"Mama Watiri, na huyu anatoa lita ngapi?"

"Beberu hakamwi, Baba Watiri! Tutakamua binti zake. Hapo ndipo pesa yangu iko."

Wamae hakupiga kelele. Alikunywa chai yake yote, kisha akatoa neno lake. Kama kufikia Krismasi hakuna jike aliyeshika mimba, beberu anaenda kwa Moffat, na kitakachopatikana kitaanza kununua ng'ombe mwingine. Moffat ana bucha pale Ruring'u. Nduta, kwa kiburi chake, akajibu, "Sawa, na mimi mwenyewe nitamshika kamba nimpeleke."

Jamani, kiburi! Jike wa kwanza alipoingia kwenye joto, yaani alipotaka dume, nusu ya kijiji ilikuja kushuhudia. Wengine walikuja na watoto. Beberu akatolewa, akamkaribia jike, akanusa, akatazama mlima kwa muda kama mtu anayesubiri mgeni. Halafu akajilaza. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jike wa pili naye akanuswa hivyo hivyo, na beberu akalala tena. Jeniffer, jirani wa mpaka mmoja, ndiye aliyempa jina. "Huyo ni Mheshimiwa," alisema. "Anakula vizuri, amependeza, kazi hafanyi." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita jina lingine.

Moffat mwenyewe akapanda mpaka Tetu. Akapitisha mkono mgongoni mwa Mheshimiwa, akaubonyeza, akatikisa kichwa kwa heshima. "Mama, hapa kuna mafuta. Hii nyama nitauza bila hata chumvi." Nduta alimfukuza na ufagio, lakini alipobaki peke yake bandani aliegemea ukuta. Aliogopa. Aliogopa kwamba Wamae alikuwa sahihi, kwamba yeye, mtu mzima mwenye akili timamu, alikuwa ametoa ng'ombe mzima kununua ndevu.

Akampigia simu aliyemuuzia, mzee Kiogora wa Meru. Hakuanza kwa salamu.

"Mzee Kiogora, umeniuzia picha!"

Kiogora alimwacha afoke mpaka pumzi ikamwisha. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Mama, mbuzi wa mnada tunanenepesha. Soya, molasi, mahindi, hatembei popote. Bila hivyo hang'ai, na asipong'aa nyinyi hamnunui. Sasa wewe unaendelea kumlisha hivyo hivyo?"

Nduta akatazama lile karai la chakula cha madukani alilokuwa akilijaza asubuhi na jioni, kwa mapenzi. Akalisogeza mbali kwa mguu.

"Ni mnene, mama. Mbuzi mnene ni mvivu. Mpe nyasi na maji, umtembeze. Mtembeze kweli."

Weee! Ndipo kijiji kikapata sinema. Kila asubuhi Nduta alivaa gambuti zake za mpira, akafunga kitambaa, akatoka na Mheshimiwa. Walishuka mpaka mtoni, wakapanda kilima cha kiwanda cha kahawa, wakarudi kwa njia ya kanisa. Siku za mwanzo Mheshimiwa alijilaza katikati ya barabara na pikipiki zikamzunguka. Nduta alivuta, akasukuma, akamtukana kwa Kikuyu na Kiswahili, akamwombea.

"Mheshimiwa yuko kampeni!" vijana wa boda walipaza sauti. "Mama, mwambie atuachie kitu kidogo!"

"Atawaachia mateke!" Nduta alijibu bila kugeuka. Na Wamae, akiwa langoni na kikombe chake, alihesabu siku za kufika Krismasi kimoyomoyo, na yeye mwenyewe hakujua tena anataka zifike au zisifike.

Tumbo la Mheshimiwa likaanza kupungua. La Nduta pia, ingawa hilo halikuwa kwenye mpango. Kufikia mwisho wa Novemba yule beberu alikuwa anatangulia yeye, kamba imekaza, Nduta nyuma anakimbia.

Jumapili moja, watu wakiwa wanaelekea ibada na nguo zao nzuri, Nduta na Mheshimiwa walipita penye ua wa Jeniffer. Ndani kulikuwa na jike wake amefungwa, yuko kwenye joto, analia. Mheshimiwa akasimama, akakunja mdomo wa juu, akatoa sauti ambayo Nduta hakuwahi kuisikia. Kamba ikamponyoka mkononi. Beberu akaruka ua, akaangusha kamba ya nguo pamoja na mashuka, na akafanya kazi yake palepale, bila haya, mbele ya waumini wote.

"Haleluya!" Nduta alipiga ukelele uliofika madhabahuni. Alikuwa analia na kucheka, gambuti zimejaa matope, anakumbatiana na Jeniffer ambaye bado hakujua kama adai mashuka au ashukuru. Wiki hiyo hiyo majike wawili wa Nduta wakapandwa. Krismasi ilipofika walikuwa wametulia, joto halikurudi, mimba imeshika, na Wamae akanunua kuku wa sikukuu.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wa mbuzi, ambao hauharakishwi. Majike wakazaa mapacha. Majike wachanga wakakua, nao wakapandwa na beberu wa mbali, wakazaa. Binti wa kwanza wa Mheshimiwa alipokamwa, ni Wamae aliyeshika ndoo. Maziwa yakapita alama ya mama yake kwenye ndoo na bado chuchu hazijalegea. Wamae akaita, "Mama Watiri! Njoo na ndoo nyingine!" Binti wa jike wa Jeniffer naye akatoa vivyo hivyo, na foleni ya majike ikaanza kutoka langoni kwa Nduta mpaka barabarani.

Mwaka huo walirudi Kabiru-ini wakiwa wauzaji. Wamae ndiye aliyeshika kamba ya beberu kijana, mwana wa Mheshimiwa, koti limepigwa pasi. Bei ikaanza chini, ikapanda, ikafika laki moja. "Kubali, Mama Watiri," Wamae akanong'ona, jasho linamtoka. Nduta akatikisa kichwa. Bei ikapita ile aliyonunuliwa Mheshimiwa, ikasitasita, ikapanda tena. Nyundo ilipogonga ilikuwa laki mbili na kitu.

Nyuma yao bwana mmoja mwenye kofia pana akacheka. "Watu wa Nyeri wamerogwa. Laki mbili kwa mbuzi?"

Nduta alikuwa ameshafungua mdomo. Wamae akamtangulia.

"Wewe bwana, njoo hapa," alisema, sauti juu, sauti ambayo kijiji kizima hakikujua anayo. "Umewahi kukamua binti wa beberu kama huyu? Hujawahi! Unajua mama yake ni nani? Unaijua damu ya baba yake? Laki mbili ni ya bure! Ningekuwa mimi nanunua, ningeongeza!" Akaendelea na lita, na ukoo, na makosa ya kunenepesha, mpaka mwendesha mnada akamwomba kwenye kipaza sauti apunguze kidogo, wengine nao wauze.

Nduta alisimama kando yake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Tetu hakuwa na la kuongeza.