Kucha za Bakari

Ukuta wangu na ukuta wa Bakari, fundi baiskeli, ni mmoja. Mimi nakaanga mandazi upande huu, yeye anaziba matairi upande ule, na kwa miaka kumi na tisa tuliyokaa pamoja hapa Kasongo hajawahi kunipita asubuhi bila kuniuliza mafuta yangu ni ya mwaka gani. Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mwislamu, na utani wetu hauna dini. Nasema haya mapema ili mtu asije akafikiri namsifu. Simsifu, nasimulia tu.

Bakari ana gitaa. Halishiki kifuani kama wapigaji wengine. Analilaza mapajani, nyuzi zikitazama juu, kisha anatelezesha juu yake kipande cha chuma king'aacho alichokikata kwenye mguu wa mbele wa pikipiki mbovu. Nyuzi zenyewe alizitoa kwenye waya za breki za baiskeli. Chuma kikiteleza, gitaa linavuta sauti kama mama anayembembeleza mtoto, na mimi mwenyewe nimeunguza mandazi mara nyingi kwa kulisikiliza. Kasoro yake ilikuwa moja: halikusikika. Kucha za Bakari zimeliwa na gundi na msasa, kwa hiyo alikuwa anapiga kwa nyama tupu ya kidole. Ukikaa naye chumbani, utalisikia. Ukitoka uani, utasikia kuku.

Mwaka huu binti yake wa kwanza, Latifa, akaposwa na Amani, kijana wa Salamabila anayesafirisha mizigo kwa pikipiki. Arusi ikapangwa Jumapili, siku ya nne ya Idi. Latifa hakumwomba baba yake kitanda wala sahani. Nilikuwa nimesimama pale pale aliposema:

"Baba, wale watu watakuja na sono mukubwa, maspika ya muziki. Mimi nataka wewe ndiyo upige. Wasikie nyumba yenye mimi natoka."

Bakari akasema ndiyo, tena kwa haraka. Latifa alipoondoka, akanigeukia na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

"Mama Grâce, watu mia mbili. Nani atanisikia?"

Dawa nilimpa mimi, na sijutii. Binti yangu Sarah-Grâce, aliye Bukavu, alikuwa amenitumia video ya mzee mmoja wa mbali anayepiga gitaa la kulaza namna ile ile, vidoleni amevaa vitu vya chuma. Bakari akaitazama video hiyo mara tisa, mpaka simu yangu ikazimika. Kesho yake akaanza kutengeneza vyake, na kwa kuwa havikuwa na jina hapa kwetu, akaviita kucha.

Jina hilo ndilo lililompoteza kwanza. Mtu akisikia kucha, anavaa juu ya ukucha. Bakari akavaa hivyo hivyo, bati limekaa mgongoni mwa kidole kama kucha za kanga, akagonga uzi, uzi ukamnasa, nusura gitaa limwanguke. Ilibidi tutazame tena ile video. Kumbe bati linakaa upande wa nyama, pale kidole kinapogusa uzi, na ncha yake inapinda kidogo kufuata kidole. Nilicheka mpaka wateja wangu wakaulizana kama niko mzima.

Kazi yote hiyo aliifanya mwezi wa Ramadhani, mchana, wakati wateja ni wachache na mwenye kufunga anatafuta cha kumsahaulisha njaa. Alianza na kopo la nyanya, likamkata. Akachukua kijiko cha alumini, nacho kikawa laini mno, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Siku ya tatu akaja na shaba ya manjano, safi, nyembamba, na ilipogusa uzi, sauti yake ikanifanya niache kukanda unga. Nikamwuliza ameitoa wapi. Akaweka kidole mdomoni. Jioni nikamsikia mke wake akiuliza nyumba nzima nani ameiona karabai yake, ile taa ya marehemu mama yake, na Bakari akijibu kwa sauti ya upole sana kwamba ile taa haikuwaka tangu zamani.

Basi akakata kucha tatu za shaba. Ya dole gumba akaikata kwenye bomba la plastiki, akaitia katika maji yangu ya chai yaliyochemka, akaizungusha kwenye dole ikiwa moto, akalia "yo! yo!" mpaka ikapoa na kushika umbo lake. Zile za shaba alizikaza kwa koleo, kidogo kidogo. Alinieleza kipimo chake: unatikisa mkono mara tatu, kucha ikiruka ni pana, unahesabu mpaka mia, ncha ya kidole ikiwa nyeusi inabana. Ncha ya shaba ipite nyama kwa urefu wa punje ya mchele, si zaidi. Wiki mbili alikaza na kulegeza, akasugua kingo kwa msasa, mpaka zikamkaa kama zimeota. Alipopiga, nilimsikia nikiwa kisimani. Nikarudi na ndoo nusu ili nimwambie.

Idi ikaja siku ya Alhamisi. Kwa Bakari palipikwa pilau, na samaki wa chumvi kutoka Nyangwe, na mimi nikaletewa sahani yangu. Saa kumi na moja jioni nikamwona mlangoni, ameinua mkono wa kuume kama mtu anayeapa.

"Mama Grâce, kucha haziingie."

Kweli haziingii. Tukajaribu mawese, kucha moja ikaruka ikatua kwenye unga wangu. Akakosa subira, akapanua nyingine kwa koleo, nayo ikapasuka ubavuni. Zikabaki mbili na ile ya dole gumba, na shaba ya karabai ilikuwa imekwisha. Akaketi juu ya kreti langu la soda. Hakuniuliza hata mafuta yangu ni ya mwaka gani.

"Nimemuahidi mutoto," akasema. "Nitakaa pale sawa bubu mbele ya wakwe."

Niliumia, nasema kweli. Nikawa nazungusha pete yangu ya ndoa, maana ndivyo nifanyavyo nikiwaza, na pete haikuzunguka. Ndipo nikapata akili. Kila Karesma, nikifunga, pete hiyo hulegea mpaka naifunga uzi isipotee. Pasaka ikipita na nyama yake, inanibana tena. Huyu mwanaume alikuwa amepima vidole vya njaa!

"Baba Latifa," nikamwambia, "wewe ulipima vidole vya Ramadhani. Leo uko na vidole vya pilau."

Akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Sasa nitafanya je?"

"Funga tena."

Na akafunga. Kwao kuna siku sita za sunna baada ya Idi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, ila walishangaa kwamba ni yeye. Ijumaa, watu wakila mabaki ya sikukuu, Bakari hakugusa. Jumamosi wakwe wakafika na mbuzi, Bakari hakugusa. Sifa ikazunguka mtaa mzima: Bakari ameongoka moyo, anafunga hata arusi ya mwanawe haijamzuia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Kila saa alikuja ukutani kujaribu kucha, nami nikimtilia maji ya baridi mkononi. Jumapili asubuhi zikaingia, zikibana kidogo. Adhuhuri zikakaa sawasawa.

Alasiri Mwalimu Kassimu, anayefundisha watoto Kurani, akafungisha ndoa. Uani palijaa. Latifa alikuwa ameketi mkekani, hina mikononi, macho chini kama desturi, shangazi zake wawili wamemkalia kulia na kushoto kama walinzi. Mambo yangeishia vizuri tu, lakini Mwalimu akasimama.

"Mutazame baba huyu," akasema. "Chakula chote hiki, na yeye amefunga. Vijana, mujifunze kwa Bakari."

Watu wakaitikia. Wakwe wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikamwona Bakari jasho linamtoka, ananitazama, mimi nikatazama sufuria. Angeweza kunyamaza, wengi wetu tungenyamaza. Yeye akainuka, gitaa mkononi.

"Mwalimu, unisamehe. Musinisifu. Mimi nafunga juu ya vidole, si juu ya sunna."

Akaeleza yote mbele ya wakwe: kucha, karabai, pilau. Alipotaja karabai mke wake akasema "Aaa!" kwa sauti. Halafu wakwe wakatazamana, na nikaomba Mungu ardhi inimeze pamoja na mandazi yangu. Wa kwanza kufungua mdomo ni nyanya yake Amani, mama mmoja mfupi wa Salamabila. Alicheka mpaka akashika mgongo wa jirani yake. Uani pote pakafuata, na Mwalimu Kassimu akafuta macho kwa kanzu.

"Haya," akasema, "zima ile sono. Bakari, piga, tusikie hiyo funga yako."

Akapiga. Shaba ikagusa uzi, chuma kikateleza, na sauti ikatoka uani, ikapita ukuta, ikafika barabarani. Waendesha pikipiki walisimama na kuzima injini. Nyanya wa Salamabila akaacha kucheka. Akamgusa Amani begani, akamwonyesha Latifa, akasema, "Mutoto huyu ametoka kwa watu." Latifa hakuinua macho, lakini kidole chake cha hina kilikuwa kinagonga mkeka kufuata wimbo.

Alipiga nyimbo nne. Wa tano ulikuwa haujaisha adhana ya magharibi ilipoita, akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. Mtu akamletea sahani ya pilau. Bakari akautazama mkono wake wa kuume. Ndio wa kulia chakula, na ndio wenye kucha.

"Asizivue!" nyanya akapiga kelele. "Zikitoka hazirudi, na mimi sijashiba!"

Watu wakacheka, Bakari naye akacheka, njaa imemkausha midomo. Ndipo Latifa akasimama. Shangazi mmoja akamkamata nguo: bibi arusi hatembei, bibi arusi haonyeshi uso. Latifa akamtoa mkono taratibu, akavuka uani pote mbele ya wakwe zake, akapiga magoti mbele ya gitaa. Akachukua tonge la pilau kwa vidole vyake vya hina, akaliinua.

"Kula, baba," akasema. "Kesho mimi sipo."

Bakari akafungua kinywa, akala.